Chanda chema huvikwa pete, lakini pete ananunua nani?

Ndugu zangu wa zoni zote, na nyinyi wenzetu wa mashirika mnaokuja asubuhi na gari na kuondoka saa kumi jioni, naomba mnisikilize hadi mwisho. Leo siandiki hadithi. Leo nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na neno moja tu: kipaji.

Kila mwaka tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, uwanja wetu unajaa. Kuna turubai, kuna spika, kuna fulana mpya zenye maandishi mgongoni. Vijana wanapanda jukwaani, kila mmoja dakika 5. Huyu anaimba, yule anaruka sarakasi, kwaya inafuata. Halafu mgeni rasmi anashika maiki na kusema kwamba ameona vipaji vikubwa, tusikate tamaa, maana chanda chema huvikwa pete. Tunapiga makofi. Kesho yake mbao za jukwaa zinang'olewa, spika zinarudi mjini, na chanda kinabaki kitupu hadi Juni nyingine.

Mara ya mwisho mgeni mmoja alituletea na mfano. Alisema kulikuwa na mtoto wa wahamiaji, jina lake Yehudi Menuhin, aliyepiga fidla mbele ya dunia akiwa na miaka 11. Basi, akasema, kama yeye aliweza, hata nyinyi mnaweza. Fidla ndiyo ile sisi tuliosoma Kifaransa tunaiita violon, ile inayowekwa begani na kupigwa kwa upinde. Watu wa taarabu Zanzibar wanaijua vizuri. Mimi nafanya kazi na vijana, kwa hiyo jina lile nikaliandika kwenye daftari, maana nilijua kesho wataniuliza. Nimemsoma huyo Menuhin kuanzia kuzaliwa hadi kufa. Na sasa nasema hivi: mfano ulikuwa mzuri, ila mgeni alitusimulia nusu. Nusu aliyoiacha ndiyo inayotuhusu.

Haya, tumfuate.

Menuhin alizaliwa New York tarehe 22 Aprili 1916. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wenye asili ya Urusi ya wakati ule, watu wa kufundisha, si matajiri. Familia ilihamia San Francisco, upande wa magharibi wa Marekani. Wazazi walikuwa wakimbeba kwenda kusikiliza okestra ya mji akiwa bado mdogo sana. Huko ndiko alikosikia fidla na kuanza kuitaka. Rafiki mmoja wa familia akamletea fidla ya bati, ya kuchezea watoto. Mtoto akaipiga, akasikia haiimbi, akaitupa chini na kulia. Fidla ya kweli ilipatikana baadaye kwa pesa aliyotuma bibi yake.

Ngoja tusimame hapa kidogo. Mtoto yule alijua tofauti ya chombo na mdoli. Je, sisi mangapi tumeletewa ya bati tukaambiwa tushukuru?

Tuendelee. Akiwa na miaka 5 hivi akapata mwalimu, Sigmund Anker. Baadaye akaenda kwa Louis Persinger, ambaye alikuwa kiongozi wa wapiga fidla katika okestra ile ile ya San Francisco. Hakupelekwa kusoma shule ya kawaida. Alifundishwa nyumbani ili siku yake iwe na nafasi ya mazoezi. Akiwa na miaka 7 alipiga na okestra ya mji. Mwanasheria mmoja tajiri wa San Francisco, Sidney Ehrman, akatoa pesa familia iende Ulaya. Huko Paris akafundishwa na George Enescu, mwanamuziki mkubwa wa Romania. Novemba 1927, akiwa na miaka 11, akapiga kazi ya Beethoven katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Mwaka 1929 tajiri mwingine, Henry Goldman, akamnunulia fidla iliyotengenezwa na Stradivari mwaka 1733. Aprili ya mwaka huo huo, siku chache kabla hajatimiza miaka 13, alipiga Berlin kazi tatu kubwa jioni moja: Bach, Beethoven na Brahms. Mwaka 1932 akarekodi London kazi ya Edward Elgar, na Elgar mwenyewe, mzee wa miaka 75, ndiye aliyeongoza okestra.

Sasa hebu tuhesabu kwa vidole. Wazazi wawili waliopanga maisha yao yote kwa ajili ya mtoto. Bibi wa kutuma pesa. Walimu watatu, mmoja baada ya mwingine, bila pengo. Matajiri wawili. Okestra iliyokuwepo katika mji wake kabla yeye hajazaliwa. Na pasipoti, jamani, pasipoti! San Francisco, Paris, New York, Berlin, London. Hakuna aliyemsimamisha getini na kumuuliza kibali chake kinaisha saa ngapi. Mikono yangu miwili imejaa na bado sijafika kwenye neno kipaji.

Simkatalii mtu kwamba alikuwa nacho. Alikuwa nacho kikubwa sana. Nasema tu kwamba kipaji ndicho kilikuwa kitu pekee ambacho hakuna aliyelazimika kukilipia. Vingine vyote vililipiwa. Na hapa kambini mambo yamegeuzwa: kile cha bure ndicho tunachosifiwa nacho, na vile vya kulipiwa tunaambiwa vitakuja vyenyewe tukijituma.

Tena si mimi tu ninayesema kipaji hakitoshi. Menuhin mwenyewe kilimshinda. Alikuwa amepanda juu haraka mno, bila kujengewa vizuri msingi wa zile hatua ndogo ndogo ambazo kila mwanafunzi wa fidla anazirudia hadi anachoka. Wakati wa vita kuu ya pili alipiga mamia ya maonyesho kwa ajili ya wanajeshi. Vita vilipoisha, mkono wake ukawa haumtii kama zamani. Mtu ambaye dunia nzima ilimwita muujiza ilibidi arudi nyuma na kujifunza, akiwa mtu mzima, jinsi ya kushika upinde na jinsi ya kusimama. Mwaka 1952 alikutana India na B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga, akawa mwanafunzi wake kwa ajili ya mwili huo huo. Kama muujiza wa Carnegie Hall alihitaji mwalimu akiwa na miaka zaidi ya 30, wewe kijana wa miaka 14 unaambiwaje kwamba unahitaji kujiamini tu?

Sasa nije nyumbani.

Miaka michache iliyopita shirika moja lilileta fidla 6 hapa kambini. Kweli, nzuri, si za bati. Akaja na mwalimu kutoka ng'ambo. Alifundisha siku 5, na alifundisha kwa moyo, simsemi vibaya. Siku ya 5 tukapigwa picha, tukapewa vyeti. Kisha fidla zikaingizwa stoo na mlango ukapigwa kufuli, eti zisiharibike. Binti mmoja wa zoni yetu alikuwa anakuja kila Jumatatu kuulizia ufunguo. Wiki hii mwenye ufunguo yuko likizo. Wiki ijayo mradi umefungwa. Wiki nyingine fidla zile ni mali ya mradi uliopita, lazima zipite kwanza kwa mtu wa mali. Baada ya miezi 2 binti akaacha kuja. Siku hizi anauza maandazi na mama yake karibu na kisima. Ukimuuliza kama ana kipaji cha fidla atakujibu hajui. Na ni kweli hajui, wala mimi sijui, wala lile shirika halijui. Siku 5 hazitoshi hata kumwambia mtu kwamba hana.

Cheti chake bado anacho.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu nimeshayasikia kwenye vikao. La kwanza: bwana, nyinyi mnataka matajiri wa San Francisco, sisi tutawatoa wapi? Hapana. Hebu tuangalie kwetu, Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha okestra ya kanisa la Wakimbangu. Alikuwa rubani aliyekosa kazi. Hakuwa amesoma chuo cha muziki. Fidla zilikuwa chache, watu wakawa wanapokezana moja: huyu akimaliza anamwachia mwenzake. Uzi ukikatika walitumia hata waya wa breki za baiskeli. Watu walitoka kazini, wengine sokoni, wakaja kufanya mazoezi jioni, umeme ukikatika wanaendelea. Mwaka 2010 ilitoka filamu juu yao, na wamekwisha kwenda kupiga hadi Ulaya.

Walikuwa na nini ambacho sisi hatuna? Si pesa. Walikuwa na mahali pale pale, saa ile ile, watu wale wale, na vyombo mikononi mwao, mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyewafungia stoo. Fidla yenye uzi wa breki iliyo mkononi inafundisha zaidi kuliko fidla nzima iliyo nyuma ya kufuli.

Jibu la pili: kijana, mgao umepungua, dawa hazitoshi, na wewe unaongelea fidla? Swali hili naliheshimu, maana na mimi nakula mgao huo huo. Lakini nalijibu mara mbili.

Kwanza, muziki mnaulipia tayari. Turubai lile lina bei. Spika zinakodishwa, gari la kuzileta linakunywa mafuta, fulana zimechapwa mjini, wageni wanakula chakula cha mchana. Sisi hatuombi pesa ya dawa iende kwenye muziki. Tunaomba pesa ya fulana iende kwa mwalimu. Mwenye kalamu na karatasi akae apige hesabu: sherehe moja ya siku moja ni posho ya miezi mingapi ya mkimbizi anayefundisha kwaya?

Pili, kuna kambi nyingine kabla ya yetu. Aprili 1945 jeshi la Uingereza lilikomboa kambi ya Bergen-Belsen huko Ujerumani. Hali ilikuwa ya kutisha, maelfu waliendelea kufa hata baada ya kukombolewa. Waliobaki hai waliwekwa karibu na hapo, wakawa wanangoja nchi ya kwenda, na wengine walingoja hadi mwaka 1950. Julai 1945 Menuhin alifika kule, pamoja na Benjamin Britten, mtunzi wa Uingereza, akipiga piano. Waliwapigia watu ambao miezi michache tu nyuma walikuwa wanakufa kwa njaa na homa. Hakuna aliyesema tungoje hadi kila mtu apone kabisa ndipo fidla iletwe. Watu wale walihitaji mkate na walihitaji kuhesabiwa tena kuwa watu. Vyote viwili.

Lakini kuja mara moja si kufundisha, na Menuhin alilijua hilo. Angalia alichofanya alipotaka watoto wengine wawe wanamuziki. Mwaka 1963 alifungua shule huko Uingereza, mahali watoto wanapokaa, wanakula, wanasoma masomo mengine, na wanapiga muziki kila siku na walimu wao. Mashindano ya vijana yanayobeba jina lake yalikuja mwaka 1983, miaka 20 baada ya shule. Sikilizeni mpangilio huo: shule kwanza, mashindano baadaye. Hapa kwetu tumeanza na mashindano, na shule haijulikani itakuja lini. Mnashindanisha watoto ambao hakuna aliyewafundisha, halafu mnampa mshindi ndoo na sabuni.

Na kuna jambo jingine. Mwaka 1977 alisaidia kuanzisha shirika liitwalo Live Music Now, linalopeleka wanamuziki vijana kupiga hospitalini, kwenye nyumba za wazee, magerezani. Wale vijana wanalipwa. Ndiyo, kupigia wagonjwa ni wema, na bado anayepiga analipwa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Hapa kambini msanii akiitwa kwenye semina ya kunawa mikono anapewa soda na anaambiwa amepata nafasi ya kujitangaza. Kujitangaza kwa nani? Sisi wote tunamjua, ni jirani yetu. Fundi aliyefunga turubai analipwa. Dereva analipwa. Mpiga gitaa aliyewakusanya watu wakaja anapewa Fanta.

Sitawasema watu wa mashirika peke yao, maana watasema nawapendelea wenzangu. Na sisi tuna yetu. Mzazi, wewe unayemwambia mtoto aache kinanda cha kanisa kwa sababu muziki ni uvivu, halafu siku ya sherehe unakaa mbele unapiga vigelegele: ungependa avune asichopanda? Na wewe kijana mwenzangu, unayetaka kurekodi video leo na kujulikana keshokutwa, bila kukubali kurudia wimbo mmoja mara 40: mpaka hapo nimekuambia habari za mtu aliyepanda haraka na akalazimika kurudi chini. Kama yeye alirudi, nawe utarudi, tena bila tajiri wa kukungoja.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya badala ya kunung'unika tu kisimani.

Mwaka 1947 Menuhin alirudi Ujerumani, akapiga Berlin na Wilhelm Furtwängler, kiongozi wa okestra ambaye alibaki Ujerumani na kuendelea na kazi yake chini ya utawala wa Hitler. Menuhin alikuwa Myahudi, na alitaka kuonyesha kwamba watu wanaweza kupatana. Lakini pale Berlin kulikuwa na Wayahudi wakimbizi katika kambi, watu waliopoteza wazazi, wake, waume na watoto. Waliumia sana. Mtu wa gazeti la wakimbizi akamwandikia maneno makali. Menuhin alipopanga kuwapigia wakimbizi wale, ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Hawakwenda.

Hebu fikiria. Mpiga fidla maarufu kuliko wote anakuja kuwapigia bure, na watu wasio na nyumba wala nchi wanasema: hapana, kwanza tujibu.

Na yeye alifanya nini? Hakusema hawa hawana shukrani. Hakuandika ripoti kwamba jamii haikushiriki. Aliomba kwenda kambini kwao, Düppel. Akasimama mbele ya ukumbi uliojaa watu wenye hasira, akaeleza kwa nini alifanya alichofanya, na akawasikiliza. Mimi siamui nani alikuwa na haki siku ile. Maumivu yao si madogo na nia yake haikuwa mbaya. Ninachokishika ni hiki: mkimbizi aliuliza, na mkubwa akaja na miguu yake kujibu.

Basi na sisi tunauliza. Na tunauliza kwenye karatasi yetu hii, kama wale walivyouliza kwenye ya kwao.

La kwanza, fidla 6 zitoke stoo. Tutaandika majina, tutasaini, mwenye kuharibu atawajibika. Tumetunza mbuzi, tumetunza watoto wachanga njiani tukivuka Ziwa Tanganyika, tutashindwa kutunza fidla?

La pili, mwalimu asitoke ng'ambo. Tunao hapa. Kuna walimu wa kwaya katika zoni hii ambao wamefundisha sauti nne kwa miaka mingi bila senti. Kuna mzee aliyepiga gitaa katika bendi Bukavu kabla ya vita. Wapewe posho kama wanavyopewa wahamasishaji wa afya, kwa mkataba wa miaka 3 badala ya siku 5. Mwalimu wa ng'ambo akija, aje kumfundisha mwalimu wetu, ili akiondoka kitu kibaki.

La tatu, msanii anayeitwa kwenye shughuli ya shirika alipwe. Kiasi kijulikane kabla hajapanda jukwaani.

La nne ni kibali. Najua si la mashirika peke yao, lina serikali ndani yake, na serikali imetupokea, hatusahau. Lakini kijana aliyefundishwa miaka 3 akipata mwaliko wa kwenda kupiga mjini, mtu mmoja wa ofisi amfuatilie kibali chake kama anavyofuatilia kibali cha kuingiza gari la spika. Gari linapata. Kijana naye apate.

Na la tano ni dogo. Kabla ya tarehe 20 Juni ijayo, wapangaji wa sherehe waje jioni moja wakae nasi kwenye benchi pale nje ya ofisi ya zoni, bila maiki na bila fulana, tuulizane maswali. Mimi nitakuwepo na daftari langu. Binti wa maandazi nimemwambia aje pia, naye ana swali lake kuhusu ufunguo.